Tutakaa Wapi? Tiketi za Mpira wa Vyuo Marekani kwa Mwanafunzi na Mzazi Mgeni

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea binti yangu chuoni Marekani, tuliingia uwanjani kwa mageti mawili tofauti. Yeye alikuwa na tiketi yake ya mwanafunzi, ya msimu mzima. Mimi nilikuwa na tiketi niliyojinunulia mtandaoni wiki mbili kabla ya safari, kwa bei iliyoniuma. Zote mbili zilikuwa halali. Lakini yake ilimpeleka nyuma ya goli la kaskazini, katikati ya wanafunzi wenzake, na yangu ikanipandisha ngazi hadi juu kabisa upande wa kusini. Kwa zaidi ya saa tatu tulitazama mechi moja kama watu wa mitaa miwili. Alijaribu kunipigia simu, kelele zikatushinda. Nilivuka bahari ili nitazame mpira na mwanangu, nikautazama na jirani nisiyemjua hata jina.

Hakuna aliyetukosea. Tatizo ni kwamba kabla ya kununua hatukuulizana swali moja: tutakaa wapi? Tangu siku hiyo nimejifunza namna tiketi hizi zinavyogawanywa, zinavyouzwa na zinavyolanguliwa. Nayaandika haya kwa vijana wetu wanaosoma huko na kwa wazazi wanaokwenda kuwaona, wawe wanatoka Nairobi na Dar es Salaam, au wanaishi Dallas na Minneapolis na mtoto yuko chuo cha jimbo jingine.

Kwa nini tiketi ni ngumu

Mpira ninaousema ni futiboli ya Kimarekani, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi. Mechi ya kwanza ya vyuo inayohesabiwa katika historia yake ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, kati ya Rutgers na Princeton, katika mji wa New Brunswick, New Jersey. Leo mchezo huo ndio sikukuu ya miji mingi ya vyuo.

Msomaji wa Tanzania anaujua Uwanja wa Benjamin Mkapa unavyofurika Simba na Yanga wakikutana, watu 60,000. Sasa fikiria mji wa Ann Arbor, ambao si hata mji mkuu wa jimbo lake, wenye Michigan Stadium inayobeba watu 107,601. Pale Columbus, Ohio Stadium ina nafasi zaidi ya 102,000. Kyle Field ya Texas A&M, Neyland ya Tennessee na Tiger Stadium ya LSU nazo zimevuka laki moja. Mtu angedhani viti vinabaki. Havibaki, kwa sababu Jumamosi zenyewe ni chache. Timu hucheza mechi 12 katika msimu wa kawaida, kuanzia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba hadi mwisho wa Novemba, na za nyumbani huwa sita, saba au nane tu.

Viti vya Jumamosi hizo vimeshagawanywa kabla hujaanza kutafuta. Sehemu kubwa ni ya wenye tiketi za msimu, ambao wengi wao huchangia fedha idara ya michezo ili wasipoteze nafasi zao. Kuna fungu la wanafunzi, fungu la timu ngeni, na linalosalia ndilo huuzwa kwa umma. Kila fungu lina mlango wake, na anayepiga hodi mlango usio wake huishia kulipa mara mbili.

Kwa mwanafunzi: fungu lako lipo, lakini halikungoji

Mwanangu, ukishapokea barua ya kukubaliwa chuoni, tafuta tarehe ya mauzo ya tiketi za wanafunzi na uiandike mahali utakapoiona kila siku. Vyuo vingi vyenye timu kubwa huziuza katika majira ya joto, wewe ukiwa bado uko nyumbani unafunga mizigo. Penn State, kwa mfano, huuza tiketi za msimu kwa kufuata mwaka wa masomo, na huisha haraka mno. Hesabu pia tofauti ya saa: mauzo ya asubuhi ya Marekani ni alasiri au jioni Afrika Mashariki. Ingia kwenye akaunti mapema, kadi yako iwe imeshasajiliwa na nywila umeijaribu. Wengi hukosa tiketi kwa sababu ya nywila waliyoisahau.

Baada ya hapo, jua utaratibu wa chuo chako, kwa kuwa hakuna viwili vinavyofanana.

Kuna vyuo ambako ada ya michezo uliyokwisha kulipa ndiyo tiketi yako: unaonyesha kitambulisho cha chuo getini, unaingia. Hali hiyo ni ya kawaida katika vyuo vyenye timu ndogo. Kuna vyuo vya bahati nasibu, ambako unaandikisha jina na kungoja kuchaguliwa. Hapo kosa la wageni ni kuandikisha mechi kubwa peke yake. Andikisha zote.

Kuna vyuo vya foleni. Texas A&M wana desturi yao ya kuchukua tiketi kwa mwaka wa masomo: wa mwaka wa nne Jumatatu, wa tatu Jumanne, wa pili Jumatano, wa kwanza Alhamisi. Kabla ya mechi kubwa wanafunzi hulala nje ya uwanja wakilinda nafasi. Penn State nako, tiketi unayo tayari, lakini kiti cha mbele ni cha anayewahi, na ndiyo maana mahema husimikwa nje ya Beaver Stadium siku kadhaa kabla ya mechi. Ukiwa mgeni, usiende peke yako. Jiunge na kundi la bweni lako au la darasa lako, mgawane zamu, mmoja akienda kipindini mwingine abaki. Urafiki mwingi wa mwaka wa kwanza huanzia kwenye foleni hizo.

Na kuna vyuo vya pointi, ambako mahudhurio yako ya leo ndiyo haki yako ya kesho. Mwaka 2019 Alabama walianza kuwapa wanafunzi pointi 100 kwa kuhudhuria mechi na 250 zaidi kwa kubaki hadi robo ya nne, zikihesabiwa na programu ya simu inayojua mtu yuko wapi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na hapa msemo huo umekuwa kanuni yenye tarakimu. Hudhuria mechi za Septemba zisizo na mvuto, na ukiona huwezi kwenda, rudisha tiketi yako kwenye mfumo mapema. Vyuo vingi humpunguzia haki mwenye kuiacha tiketi ikaoza.

La mwisho kwako ni zito. Tiketi ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. Usimpe mama yako ukidhani atapita. Getini huweza kuombwa kitambulisho, na mzazi aliyesafiri siku mbili akarudishwa mbele ya umati atabaki na uchungu. Vyuo vingine huruhusu kuigeuza tiketi kuwa ya mgeni kwa kulipa tofauti ya bei, vingine hata hilo havikubali. Uliza ofisi ya tiketi, tena kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Na usiuze tiketi yako nje ya njia iliyoruhusiwa, kwa kuwa faida ya siku moja inaweza kukunyima msimu mzima.

Kwa mzazi: tarehe kwanza, kiti baadaye

Mzazi mwenzangu, ikiwa unatoka nje ya Marekani, viza ndiyo tiketi yako ya kwanza. Masharti yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo usilipie kiti cha uwanjani kabla pasipoti haijarudi mkononi. Ratiba ya mechi hutangazwa miezi mingi mbele, nafasi ya kupanga unayo.

Ukishajua utakuwepo lini, tazama mpinzani ni nani, maana bei huenda kwa jina la mpinzani. Mechi ya Michigan na Ohio State, inayochezwa mwishoni mwa Novemba, huwa Ann Arbor miaka isiyogawanyika kwa mbili na Columbus miaka inayogawanyika. Auburn na Alabama nao wana mechi yao ya uhasama wa miaka mingi. Hizo ni kama Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards: viti viwili vya pamoja hupatikana kwa nadra, na wauzaji wanalijua hilo.

Ushauri wangu ni uchague mechi ya Septemba dhidi ya chuo kidogo. Vyuo vikubwa huvilipa vidogo vije kucheza ugenini, na kwa mechi hizo tiketi mkononi mwa wauzaji wa pili mara nyingi hushuka chini ya bei iliyochapishwa. Hali ya hewa bado ni nzuri, bendi ni ile ile, nyimbo ni zile zile. Wala usidhani unanunua mabaki. Tarehe 1 Septemba 2007 Michigan walimkaribisha Appalachian State, chuo cha daraja la chini, mbele ya watu zaidi ya 109,000. Wageni wakashinda 34 kwa 32. Waliokuwepo siku hiyo wanasimulia mpaka leo.

Tarehe nyingine ya kuiangalia ni Wikiendi ya Familia. Karibu kila chuo kina yake msimu wa vuli, na vingi hutenga viti kwa ajili ya familia, wazazi na mwanafunzi wakikaa pamoja. Hapa ndipo swali langu linapata jibu rahisi kuliko popote. Usajili hufunguliwa wiki nyingi mapema na viti huisha, kwa hiyo mwambie mtoto akupelekee barua pepe zote za ofisi ya wazazi, au jiandikishe mwenyewe uwe unazipata moja kwa moja. Kinyume chake, ogopa wikiendi ya wahitimu kurudi chuoni. Ni ya furaha, lakini mji mzima umejaa wahitimu wenye tiketi zao za miaka mingi.

Milango ya kununulia

Nenda kwa mpangilio huu, na usiruke mlango.

Wa kwanza ni ofisi ya tiketi ya chuo. Piga simu, ongea na mtu. Sema wewe ni mzazi mgeni, taja tarehe, uliza kama kuna viti vya familia, na uliza kama mwanafunzi anaweza kukaa nawe kwa tiketi ya kawaida. Ikiwa unakwenda na bibi au babu, au yeyote asiyeweza kupanda ngazi, liseme hilo mwanzoni. Sheria ya Marekani inayowalinda watu wenye ulemavu inataka viwanja viwe na viti visivyo na ngazi, na anayevihitaji anaweza kununua hadi viti vitatu vya jirani kwa walioandamana naye, pale vinapopatikana. Viti hivyo haviongezeki siku ya mechi.

Wa pili ni fungu la timu ngeni. Timu ya mwanao ikisafiri kwenda kucheza karibu na unakoishi, mfuate huko. Chuo mwenyeji humpa mgeni idadi fulani ya tiketi, na kama mpinzani si hasimu mkubwa, hazigombaniwi sana.

Wa tatu ni soko la wauzaji wa pili: StubHub, SeatGeek, Vivid Seats, Ticketmaster. Humo bei hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni. Kwa mechi kubwa huwa juu tangu mwanzo, na hushuka timu ikianza kupoteza. Kwa mechi ndogo hushuka kadiri siku inavyokaribia, maana anayeshikilia tiketi isiyouzwa anajua saa ya kuanza ikipita hana kitu. Ukiwa tayari umefika mjini na unataka mechi ndogo, subiri hadi Alhamisi au Ijumaa. Ukiwa unataka viti vitatu au vinne vya pamoja, usisubiri, nunua mapema, kwa sababu vinavyobaki mwishoni huwa kimoja kimoja. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inawataka wauzaji wa tiketi za burudani, na hoteli pia, waonyeshe tangu mwanzo bei kamili yenye ada zote za lazima. Linganisha bei hiyo kamili.

Matapeli

Wanaosimama nje ya uwanja na vidole hewani wakitangaza tiketi wapo bado, lakini ulaghai mkubwa umehamia kwenye simu. Siku hizi tiketi nyingi hazichapishwi. Zinakaa kwenye simu, na alama yake ya kusomwa na mashine mara nyingi hujibadilisha kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo picha ya tiketi si tiketi. Anayekutumia picha kwa ujumbe, akakuomba pesa, amekuuzia karatasi tupu. Tiketi halisi huhamishwa rasmi kutoka akaunti yake hadi yako, nawe unaiona ndani ya akaunti yako.

Jihadhari zaidi na makundi ya wanafunzi mitandaoni, ambako tapeli hujifanya mwanachuo mwenye dharura. Pesa ukiituma kwa Zelle au Cash App ni kama uliyoituma kwa M-Pesa kwa mtu usiyemjua: kuirudisha ni kazi kubwa. Lipa kwa kadi ya mkopo, kupitia soko lenye dhamana, na kama muuzaji anakataa njia hiyo, achana naye hata bei ikiwa tamu.

Malazi na siku yenyewe

Miji mingi ya vyuo ni midogo. State College ya Penn State, Tuscaloosa ya Alabama na Oxford ya Mississippi hufurika wikiendi za mechi, hoteli hupandisha bei na nyingi hukulazimu kulipia usiku mbili. Weka nafasi inayoweza kufutwa mara ratiba inapotoka, au lala mji ulio mbali kwa mwendo wa saa moja. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba saa ya mechi mara nyingi haitangazwi pamoja na tarehe. Televisheni ndizo huichagua, mara nyingi siku 12 kabla, wakati mwingine siku sita tu. Mechi inaweza kuanza saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, au usiku. Usikate tiketi ya ndege ya kuondoka Jumamosi hiyo hiyo.

Soma masharti ya mizigo. Viwanja vingi huruhusu mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, pamoja na kipochi kidogo. Kwa miaka mingi Michigan Stadium haikukubali mifuko kabisa. Mkoba wako wa ngozi uache hotelini. Simu iwe na chaji, tiketi zote ziwe zimeshafunguliwa kabla ya kufika, maana mtandao huzidiwa watu wakijaa. Mahali pengi ukitoka huruhusiwi kurudi ndani. Viti vingi ni mabenchi yasiyo na egemeo, kwa hiyo uliza kama unaweza kuingia na mto wa kukalia. Septemba ya Texas ni jua kali. Novemba ya Michigan ni baridi ya kuuma mifupa, vaa nguo juu ya nguo.

Ukipata kiti karibu na wanafunzi, jua kwamba hawakai. Pale Texas A&M husimama mechi nzima, kwa kumbukumbu ya E. King Gill, mwanafunzi aliyeshuka kutoka jukwaani mwaka 1922 akavaa jezi ili timu iliyokuwa ikiishiwa na wachezaji isikose mtu. Hakuingia kucheza, lakini utayari wake ndio wanaouheshimu kwa miguu yao hadi leo. Mwenye magoti mabovu anunue mbali na hapo.

Ukikosa tiketi

Usilie. Nje ya uwanja kuna karamu za maegeshoni, watu wakichoma nyama nyuma ya magari yao tangu asubuhi, na mgeni aliyekuja na mtoto wa chuo hukaribishwa. Kwenye bustani ya The Grove, katika chuo cha Ole Miss kule Oxford, watu hukaa chini ya miti na mahema bila tiketi yoyote. Bendi hupita mitaani ikielekea uwanjani, nayo ni bure.

Au tafuta vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, kama Howard, Grambling, Southern na Florida A&M. Huko bendi ya mapumziko ni sababu kamili ya kwenda, na watu hawaondoki vitini nusu mechi. Anayependa ngoma na matarumbeta atahisi yuko nyumbani. Grambling na Southern hukutana New Orleans kila mwaka, wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani.

Mwaka wa pili nilirudi. Binti yangu aliandikia ofisi ya tiketi mwezi Julai, akapata viti viwili vya kawaida vya mechi ya Septemba, dhidi ya chuo ambacho sikuwahi kukisikia. Tiketi yake ya mwanafunzi ya siku hiyo aliirudisha kwenye mfumo, ikaenda kwa mwenzake. Tulikaa juu sana. Alinieleza, mara tatu bila kuchoka, kwamba timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ilipofika nafasi ya nne, zikiwa zimebaki yadi mbili, alinishika mkono akaacha kueleza, na nilielewa.

Kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa wowote wa mauzo, mpigie mwanao simu. Usimuulize mpinzani ni nani wala bei ni kiasi gani. Muulize mtakaa wapi, halafu mnunue kutokana na jibu lake.